Sauti ya Ini

Mhandisi Lwitiko alikuwa ameshawatapikia wakaaji wote wa Jumba la Pumzi, wale wanaowagawia wagonjwa pumzi zao, mmoja baada ya mwingine, na sasa alikuwa amebaki Tusekile peke yake.

"Unaweza kukataa," Mwalimu Bai alimwambia. Walikuwa wamesimama kwenye veranda, na mvua ya Rungwe ilikuwa inanyesha juu ya mashamba ya chai, ile mvua ya asubuhi isiyojua kuchoka. "Sheria ya hapa unaijua. Hakuna mkaaji anayelazimishwa kumkalia mgonjwa. Ukisema hapana, nami nitamwambia binti yake hapana, amchukue baba yake ampeleke anakotaka."

"Nitamkalia," Tusekile alisema.

"Umejibu haraka mno, mwanangu."

"Ulitaka nilie kwanza, Mwalimu?"

Mwalimu Bai alimtazama kwa jicho la pembeni. Alikuwa mama mfupi, mwenye miguu iliyovimba na ulimi usiovimba hata siku moja. Babu zake walitoka China na mafunzo yao ya Tao, yaani Njia. Yeye mwenyewe alizaliwa Uyole, na Kinyakyusa alikijua pamoja na matusi yake yote.

"Sitaki ulie. Nataka uniambie kweli. Yule ndiye aliyeshika mtambo siku Ikupa alipokufa."

"Najua aliyeshika mtambo. Dada yangu nilimwosha mimi."

Ni kweli alimwosha. Ikupa alikutwa amekaa wima juu ya mkeka wake, viganja juu ya magoti, wa baridi kama sufuria iliyolala nje, na mshipi wa mtambo kiunoni ukiwa bado unamnyonya pumzi. Waliokuja kuchunguza walisema ni moyo, wakafunga mikoba yao wakaenda. Kisha Mhandisi Lwitiko akasimama mbele ya kaburi, suti nyeusi, sauti ya mtu wa kanisani, akasema Ikupa alijitoa kwa hiari yake ili kumwokoa mtoto mgonjwa wa Kyela, alikataa kufungiwa mtambo, alipenda mwenyewe. Weee! Watu walilia hadi wakashikana. Tusekile hakutoa chozi. Kitu kilimkaba hapo chini ya mbavu za kulia, kikakaa, na hakikutoka tena miaka yote iliyofuata.

Sasa yule msemaji hodari alikuwa kitandani, ngozi na mifupa, na mwili wake uliwakataa wakaaji wenzake na Tusekile wote. Akijaribishiwa mkaaji mpya anatetemeka, anatapika, anageuka buluu midomo. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya jibu la haraka. Tusekile alitaka kuwapo. Alitaka na yeye akataliwe, amwone yule mzee akitapika mbele ya macho yake, kisha anyanyuke aseme, nimejaribu, poleni, imeshindikana. Basi. Hakuwa na mpango mkubwa kuliko huo.

*

Chumba cha kukalia kilikuwa na mkeka, kitanda, na katikati mtambo alioujenga Mhandisi, wa kuvusha pumzi kutoka kwa mkaaji hadi kwa mgonjwa. Pembeni ya kitanda alisimama Atuganile, binti wa Mhandisi, ana kitambaa mkononi cha kumfuta baba yake midomo. Alipomwona Tusekile akapiga goti.

"Ndaga fijo, asante sana, dada. Mungu akuone."

"Inuka," Tusekile alisema, akaenda kusimama mbele ya ukuta.

Hapo ndipo kila mkaaji anapoanzia. Kabla ya kuvaa mshipi husimama uso ukutani akatoa sauti sita, kila moja kwa pumzi ndefu ya kutoka, na kila moja inasafisha kiungo chake. *Sss* inatoa huzuni mapafuni. *Chui* inatoa woga kwenye figo. *Haa* ni ya moyo, *huu* ya tumbo, *hii* ya kupoza mwili mzima. Na *shuu*, macho yakiwa wazi, ni ya ini, ghala la hasira. Wazee wa Njia walisema pumzi ya mtu inabeba ladha ya kila chumba ilimopita, na anayempa mwenzake pumzi chafu amempa maji ya mtaro. Kwa hiyo sauti zinatolewa. Na kwa kuwa kila mtu ana uchafu wake, ilikuwa ni adabu ya jumba lile kwamba hakuna anayemsikiliza mwenzake akiwa ukutani; wengine huangalia nje, wengine hujikohoza.

Tusekile alitoa zote sita siku hiyo. Alifunzwa hivyo tangu msichana, na mkono uliozoea hauhitaji kuambiwa.

Mwalimu Bai akamfunga mshipi. Ulikuwa mwembamba, umefumwa kwa nyuzi za dhahabu, una sindano ndogo kama nywele zinazogusa pale vidole vitatu chini ya kitovu, kwenye shamba la chini, ambako pumzi ya mtu hulimwa na kuhifadhiwa. Mshipi wa pili alikuwa nao mgonjwa. Tusekile akakaa, akagusisha ulimi kwenye kaakaa, akaishusha pumzi hadi shambani, akaipandisha taratibu kwa njia ya uti wa mgongo, ikavuka utosi, ikateremka kifuani, ikarudi nyumbani. Mzunguko ukashika. Sindano zikaanza kuvuta.

Akafumbua jicho moja, angoje kutapika.

Mhandisi hakutapika. Alishusha pumzi, akajinyoosha kitandani kama mtoto aliyepewa ziwa, na mashavu yake yakaanza kurudisha rangi. Atuganile alijiziba mdomo kwa furaha. Lakini Mwalimu Bai alikuwa ameganda mbele ya mtambo.

"Amekupokea," alisema polepole.

"Nimeona."

"Mgeni hapokelewi hivi, Tusekile."

Hakuna mkaaji asiyelijua jambo hilo. Mwili unamkataa mgeni mara ya kwanza hata awe malaika. Unahitaji kuzoezwa kidogokidogo. Mwili unaompokea mtu mara moja, bila hata kujikuna, ni mwili uliokwisha kula kwenye nyumba yake. Umeonja damu ile ile, pumzi ya mama mmoja na baba mmoja. Umekula sana, hadi vyakula vingine vyote vinautapisha.

Tusekile na dada yake walizaliwa wawili tu.

Kumbe hakukuwa na mtoto wa Kyela! Kumbe aliyekuwa mwisho wa mshipi siku ile, anayenyonya, ni huyu huyu mwenye suti nyeusi! Alimnywa Ikupa hadi tone la mwisho, akapangusa mdomo, akaenda kumhubiria kaburini. Damu ilimpanda Tusekile kichwani hadi masikio yakavuma.

"Funga kwanza," Mwalimu Bai alimnong'oneza, kamshika bega kwa nguvu. "Unanisikia? Usinyanyuke hujafunga."

Akafunga. Alipanga viganja juu ya kitovu, akazungusha, akaikusanya pumzi yake iliyobaki na kuirudisha shambani, kama anavyofunga kila mkaaji anayetaka kuamka mzima. Kisha akatoka nje kwenye mvua, akapiga teke ndoo iliyokuwa hapo, ikaruka hadi kwenye chai.

*

Kesho yake Atuganile alimngoja mlangoni, anang'aa uso.

"Dada, kaomba uji! Kaomba mwenyewe kwa mdomo wake. Miezi yote hii nilikuwa namlisha kwa kijiko kama kinda, na leo kaomba." Akamshika mikono. "Niambie unataka nikufanyie nini. Nikufulie? Nikupikie?"

"Sihitaji kitu."

"Basi nitakuombea."

Tusekile alimwangalia yule msichana, mwembamba, ana vidole vilivyobabuka kwa kufua mashuka, na kwa sekunde moja alimwonea huruma. Hata yeye mwenyewe alijishangaa. Kisha akakumbuka viganja vya Ikupa juu ya magoti, ile huruma ikafa hapo hapo.

Akaenda ukutani. *Sss. Chui. Haa. Huu. Hii.*

Akanyamaza. Akahesabu pumzi ya kujaza nafasi ya sita, akageuka, akanyanyua mikono afungwe mshipi.

Ilikuwa rahisi kupita kiasi. Mtambo ulipima wingi wa pumzi na kasi yake, ukapima joto, lakini ladha haukuipima. Zamani Mwalimu Bai alimsihi Mhandisi aongeze kipimo cha ladha, maana wakaaji ni binadamu. Mhandisi alicheka mbele za watu. Alisema yeye anajenga bomba, na bomba haliulizi maji yanafikiria nini. Habari za hasira kukaa kwenye ini aliwaachia wazee na vibibi vyao. Haya basi. Sasa bomba lake lilikuwa linamletea alichokidharau, kwa mpigo ule ule, na taa zote za mtambo zilikuwa za kijani.

Siku hiyo Mhandisi alilalamika mdomo una shubiri. Iliyofuata weupe wa macho yake ukageuka manjano. Nguvu zilikuwa zinamrudia, hilo halikatai mtu, aliweza kukaa, aliweza kusimama akishikiliwa. Ila aliyekuwa anasimama alikuwa mtu mwingine. Uji aliurusha ukutani. Alimwita binti yake mjinga, goigoi, mzigo. Daktari aliyeletwa kutoka Tukuyu mjini akasema ini limevimba kama la mlevi, akauliza mzee anakunywa nini.

Naye Tusekile alikuwa analala! Alilala usingizi wa mtoto mchanga. Kila akitoka kikaoni alijisikia mwepesi, mbavu zimemwachia, na akajiambia kwamba huo ndio utamu wa kisasi ambao watu wanausimulia. Akautamani. Akawa anawahi kufika, anasimama ukutani na sauti zake tano, anamwazia Ikupa makusudi, anaikoroga hasira itoke chini na mashapo yake yote, kisha anamfungulia mzee anywe. Atuganile alikuwa anapita na mashuka, jicho moja limevimba, na Tusekile alijizoeza kutomtazama.

Mwalimu Bai alikuwa anamfunga mshipi na kumfungua, hasemi neno. Kwa mwanamke mwenye ulimi ule, kunyamaza huko kungetosha kumshtua mtu yeyote ambaye hakulewa.

*

Mambo yaliharibika adhuhuri moja, jua kali juu ya chai kwa mara ya kwanza wiki nzima. Tusekile alikuwa bado hajafika ukutani. Atuganile alikuwa anajaribu kumgeuza baba yake abadilishe upande, na mzee akamchapa kofi lililosikika hadi veranda.

"Baba!" msichana alilia. "Baba, hivi una nini? Watu wanakupa uhai wao hapa, hata haya huoni?"

"Uhai!" Mhandisi alifoka. Mishipa ya shingo ilimsimama, macho ya njano yamemtoka. "Uhai gani? Nani aliwahi kunipa kitu? Nilichukua! Mimi ndiye niliyejenga mtambo, ningekufa mimi wabaki wao? Yule msichana alininyooshea mkono. Ikupa! Alininyooshea mkono nimfungie mtambo, nikamwona, nikageuza kichwa! Ndiyo! Nikageuza kichwa nikaendelea kunywa, na ingekuwa leo ningegeuza tena!"

Kisha akakohoa, akaanguka kwenye mto.

Hasira haina breki. Imempa nguvu ya kusema alichokificha kwa miaka, na sasa kimetoka, kimekaa katikati ya chumba pamoja nao. Atuganile alimtazama baba yake, akamtazama Tusekile, akaelewa Ikupa alikuwa dada ya nani. Alikaa chini sakafuni kama aliyekatwa miguu.

Mhandisi akaanza kutetemeka. Mwalimu Bai alimpima mapigo, vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, akakunja uso.

"Ini limefika mwisho," alisema. "Asipopata kikao haioni jioni. Kikao kisafi." Akageuka. "Nilisikia tano, Tusekile."

"Adabu ya hapa ni kutosikiliza."

"Adabu ni hiyo, nami niliivunja. Nilihesabu tano siku ya pili, na ya tatu, na kila siku. Nikanyamaza. Ikupa nilimfunza mimi; usidhani ni wewe peke yako una ini. Kwa hiyo sikuhukumu, sina mdomo huo. Ila nitakwambia kitu kilivyo. Ukimkalia leo kwa sauti zote sita, atapona. Ukikataa, atakufa. Katikati hakuna kitu."

"Nifungeni mimi!" Atuganile alikuwa amesimama, anavuta mshipi kutoka kwenye ndoano. "Mimi ni damu yake. Nifungeni mimi!"

"Hujafunzwa kufunga, mtoto wewe," Mwalimu Bai alimwambia. "Utamwagika wote kama mtungi wenye ufa. Tutawazika wawili."

"Basi niambieni nifanye nini! Dada Tusekile, nakuomba. Najua alichofanya. Nimesikia kwa masikio yangu. Siwezi hata kukuomba, sina uso wa kuomba, lakini nakuomba. Ni baba yangu."

Tusekile alikwenda ukutani.

Alitoa sauti za mwanzo, moja baada ya moja, zikatoka vizuri. Akafumbua macho, akavuta pumzi ya ini.

*Shuuu.*

Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, akajiinamia, akajikamua. Aliiita ile hasira kwa jina la Ikupa. Alikiwaza kile kiganja kilichonyooshwa. Palepale chini ya mbavu, palipokabwa miaka yote, palikuwa pamefagiliwa. Pasafi, hata vumbi hakuna. Ndipo akajua kwamba ule wepesi haukuwa utamu wa kisasi. Ni kwamba alikuwa anatolewa kitu. Yule mzee alikunywa pumzi ya dada yake, halafu akaja akanywa na hasira yake pia, kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho cha Ikupa. Mtume! Hata hasira yangu ameila, Tusekile alisema moyoni.

Na palipokuwa na hasira, taratibu, akaja Ikupa mwenyewe. Siyo yule wa kuoshwa. Ni yule wa kucheka vibaya kanisani, wa kutafuna muwa kwa meno ya upande mmoja, wa kumsuka Tusekile nywele huku akimvuta makusudi ili alie. Miaka yote hasira ilikuwa imesimama mlangoni, haikumruhusu aingie.

Angeweza kumkalia yule mzee sasa. Pumzi yake ilikuwa safi kuliko ilivyopata kuwa. Ingemponya bila taabu yoyote. Hilo alilijua vizuri, hakujidanganya. Alisimama ukutani muda mrefu, akalifikiria upande huu na upande ule, bila moto wowote ndani yake, na nyuma yake alisikia meno ya Mhandisi yakigongana na Atuganile akimbembeleza kwa jina la utotoni.

Akageuka.

"Simkalii," alisema.

"Bado una hasira," Mwalimu Bai alisema. "Ngoja. Nimewafundisha nini? Linaloamuliwa na hasira si lako. Ngoja itulie kwanza."

"Sina hasira, Mwalimu. Nimeitafuta, haipo. Anayo yeye."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu alimwona."

Mwalimu Bai alishika ukingo wa mtambo.

"Kama ningemwacha afe siku zile," Tusekile aliendelea, sauti yake ya kawaida kabisa, "ningesema ni ini, ni uchungu, sikuwa mwenyewe. Leo siwezi kusema hivyo. Hili ni langu."

Mhandisi alikuwa amemsikia. Hasira ilikuwa inamshuka na chini yake palikuwa na woga mtupu, woga wa mtoto. "Tusekile," alisema. "Mama yangu. Nihurumie. Nilikuwa nataka kuishi tu." Akanyoosha mkono.

Tusekile alimtazama. Alimtazama vizuri, macho kwa macho, hakupepesa, hakugeuza kichwa, hadi mkono wa mzee ulipochoka ukaanguka juu ya shuka.

"Nimekusikia, Mhandisi," alisema.

Akamnyang'anya Atuganile mshipi mikononi, taratibu lakini kwa nguvu, akauviringa. "Huu naondoka nao. Usije ukajivalisha tukigeuka. Kaa karibu naye. Mwambie unayotaka kumwambia, bado anasikia."

"Wewe ni mtu gani?" msichana alimuuliza, machozi yanamtiririka. Hakuuliza kwa matusi. Alitaka kujua kweli.

"Sijui," Tusekile alisema. "Mimi mwenyewe ndiyo kwanza namwona."

Alipita mbele ya Mwalimu Bai, ambaye hakumzuia, akashuka ngazi hadi jikoni. Mpishi, Mama Nsia, alikuwa anapakua ndizi za maharage. Alimwona usoni, akamwona na mshipi mkononi, akafikiri kikao kimekwisha salama.

"Pole na kazi. Hamjambo huko juu?"

"Nipe chakula, mama."

Alikaa kwenye kigoda, akauweka mshipi miguuni, akala. Njaa ilikuwa inamuuma vibaya sana. Alikuwa anamalizia sahani wakati sauti ya Atuganile ilipopasuka huko juu, ikapita madirishani hadi kwenye chai, wachumaji wakasimamisha mikono. Mama Nsia aliganda na upawa hewani.

Tusekile alimnyooshea sahani.

"Niongezee," alisema. Mama Nsia akamwongezea, na Tusekile alipoweka tonge la kwanza mdomoni akaanza kulia, kwa sauti, kwa kwikwi, anamlilia Ikupa, huku anatafuna.